Nyumba Iliyotolewa kwa Finjani ya Kahawa

Siku ile mama yangu alikuwa akigombana na mkate wa kumimina. Tulikuwa hatujatimiza mwaka Oman, katika kijiji kilicho baina ya Bahla na Nizwa, na mama alikuwa bado hajakubali kwamba nchi nzima inaweza kuishi bila ya nazi. Akajaribu kwa maziwa ya mbuzi. Mkate ukakataa kuumuka, ukakaa ndani ya sufuria kama tofali. Bibi yangu, mama yake baba, akaubonyeza kwa kidole, akasema, "Huu tuuweke, Rahma. Ukuta wa nyuma una tundu." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Baada ya pale sikumsikia tena akicheka vile katika jiko lile.

Kazi yetu siku ile ilikuwa kuanika tende juu ya dari. Ukisimama pale darini unauona mlima wote mbele yako, mweupe wakati wa asubuhi na wa kahawia jioni, na chini yako mitende na mfereji wa falaji ukipita ndani ya kuta za nyumba yenyewe, hata tukateka maji bila ya kutoka nje. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa, napanda ngazi na kushuka. Unguja nilikozaliwa tulikaa ghorofani kwa kupanga, na sikuwahi kuona nyumba yenye ngazi nyingi kama ile.

Nyumba ilikuwa ya bibi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi hudhani ilikuwa ya baba, na baba mwenyewe kuna siku alijisahau. Aliyeijenga ni babu yake bibi, kwa udongo na mawe na magogo ya mitende, baada ya kurudi kutoka Pemba alikokuwa na mashamba ya karafuu. Akairithi mwanawe, ambaye alikaa Unguja umri wake wote na kuiacha mikononi mwa msimamizi aliyefuga mbuzi sebuleni. Kisha ikawa ya bibi. Aliletwa kutoka Unguja akiwa mwari, akawafukuza mbuzi, akasugua sakafu, akaolewa humo, akazaa humo watoto wawili: baba yangu, na mdogo wake, ami yangu Hamed. Kila aliyeipata nyumba ile aliikuta ina mtu mwingine ndani, na ilimbidi amtoe.

Kwa hivyo ndani tulisema Kiswahili. Bibi alisema kile cha zamani alichoondoka nacho utotoni, mama alisema cha mjini, na wakisahihishana wenyewe kwa wenyewe utafikiri wanagombea shamba. Majirani hawakukielewa, na hilo lilitufaa baadaye.

Baba alikuwa amekwenda Unguja kijana mdogo na kurudi na mvi, na mke, na mimi. Kijijini wakamwita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja. Walimwita kwa mzaha, lakini mzaha ule ulimkaa rohoni. Akajifunza upya namna ya kufunga kilemba, namna ya kuweka bakora anapokaa, namna ya kuuliza habari za safari kwa mpangilio wake bila ya kuruka hata salamu moja. Ami Hamed, ambaye hajavuka bahari maisha yake yote, alimtania: "Kaka, wewe sasa umekuwa Mwarabu kuliko sisi tuliobaki." Baba hakucheka.

Wa kwanza kuitaka nyumba walikuwa watu wa Imamu. Imamu alikuwa na nchi ya ndani, Sultani alikuwa na pwani, na ugomvi wao wa nani mwenye amri huku kwetu ulikuwa umeanza kabla hatujafika. Mkubwa wao alikuja akakaa ndani ya sabla, chumba cha kupokelea wageni wa kiume, akala tende, akapewa finjani ya kahawa. Akaiweka mbele yake juu ya mkeka. Akakaa kimya.

Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya mlango. Mama aliona kahawa ya mgeni inapoa, akageuka atie nyingine. Bibi akamkamata mkono.

"Muache. Ana haja."

Hivyo ndivyo nilivyoijua desturi ile. Mgeni mwenye jambo zito hatamki. Huiweka finjani bila ya kuinywa, na mwenye nyumba anajua. Akimwambia, "Kunywa, haja yako imepita," basi imepita, hata kabla haijatajwa, na hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana neno lile halitolewi ovyo. Siku ile baba hakujibu mara moja. Ami Hamed aliangalia upande wa mlango wetu. Bibi alifikiri, kisha akakohoa. Kikohozi ndicho kilichokuwa ruhusa yake. Hapo baba akasema maneno yanayotakiwa, na mgeni akanywa, akaomba vyumba vya chini vya kuweka watu na nafaka.

Walikaa mpaka baridi ilipoanza. Malori ya askari wa Sultani yalipokaribia, wakapanda mlimani. Walifagia vyumba kabla ya kuondoka, na ami Hamed akaondoka nao. Bibi alimfungia tende na ndimu kavu kwenye kitambaa, akamrekebisha mkanda wa risasi begani kama anayemvisha mtoto kwenda chuoni. Hakulia mbele yake. Alilia baadaye jikoni, kwa sauti, na mama akafunga mlango ili baba asisikie.

Ndege zilikuja kabla ya askari.

Tulikuwa kwenye falaji tukifua. Sauti ilitangulia, kisha vivuli juu ya maji.

Walipiga upande wa juu, ulikokuwa mdomo wa mfereji.

Maji yakasimama. Kisha yakaja mekundu, mazito, na mama akanivuta kwa nywele kwa sababu hakupata pengine pa kunishika.

Yalikuwa ni tope tu. Lakini nyumba tatu za jirani zilianguka siku ile, na mzee aliyekuwa akitupimia zamu za maji alikutwa chini ya ukuta. Yetu ilisimama.

Mngereza alifika baada ya hapo, ofisa aliyekuwa upande wa Sultani, na askari wake na mkalimani mmoja mtu wa Matrah. Baba akampokea ndani ya sabla mbele ya wanaume waliobaki kijijini. Naweza kumweleza vizuri yule mtu kwa sababu nilimwangalia sana kwenye ufa wa mlango. Alikuwa mrefu, shingo imebabuka kwa jua, na mtu fulani alikuwa amemfundisha adabu. Alivua viatu. Alikaa na nyayo zake amezificha. Alichukua tende kwa mkono wa kulia.

Akapewa finjani. Akaigusa mdomoni, akaitua mbele yake juu ya mkeka, akamwambia mkalimani neno dogo.

Sabla nzima ikanyamaza.

Bibi hakukohoa. Alikuwa bado anamtazama.

Baba hakungoja. Wanaume wote wa kijiji walikuwa wamemkazia macho Zinjibari kuona kama anajua linalotakiwa, naye alilijua.

"Kunywa," alisema, kwa Kiarabu kizuri kuliko cha wote mle ndani, "haja yako imepita."

Mkalimani alimtumbulia macho baba, kisha akatafsiri. Mngereza akakunja uso, akauliza. Mkalimani akaeleza, maelezo marefu, akionyesha finjani. Nilimwona Mngereza akielewa taratibu. Akaiangalia finjani. Akainua macho kwenye magogo ya dari, akaangalia ngazi, akaangalia dirisha linalotazama mlima. Kisha akanywa. Akasema anashukuru sana, na kwamba angehitaji nyumba, yote, mpaka kazi yake itakapokwisha.

Nyuma ya mlango mama alikuwa ameshika kichwa. Alisoma skuli Unguja na Kiingereza alikijua.

"Alisema inachoma," akamnong'oneza bibi. "Lile neno la mwanzo. Alisema inachoma, aingoje ipoe. Wallahi, Mama, hakuwa na haja yoyote. Alikuja kusema watu wasipite barabarani."

Bibi akaondoka pale mlangoni.

"Neno limekwishatoka, Rahma. Kusanya vyombo."

Baba alipokuja ndani hakuweza kutuangalia. Bibi alikuwa anakunja mikeka.

"Umeitoa nyumba yangu kwa mtu aliyeungua ulimi," alimwambia, bila ya ukali.

"Mama, angeichukua tu. Ana bunduki."

"Angeinyang'anya ningemwita mwizi, na mwizi najua nimfanye nini. Wewe umemfanya mgeni wangu."

Wakati ule nilidhani hiyo ni kauli ya mtu aliyekasirika. Haikuwa hivyo. Bibi alikuwa ametaja kwa usahihi kabisa taabu itakayotupata.

Tukahamia kwenye banda la makuti ndani ya shamba la mitende, karibu na ghala ya tende. Kutoka pale nyumba tuliiona yote. Waliweka magunia ya mchanga darini, wakatoboa ukuta wa chumba cha juu wapate kupitisha bunduki, wakatundika nguo zao kwenye kamba ya mama. Mngereza akaweka kitanda chake kwenye chumba alichozaliwa baba. Kila asubuhi alinyoa ndevu dirishani akiimba. Mama alisema sauti yake si mbaya.

Na kila asubuhi bibi alipanda kwenda nyumbani kwake na dele la kahawa na sahani ya tende. Hakuna aliyemwomba. Wanawake wa kijiji walimsema, ati mwana yuko mlimani na mama anawapikia maadui. Bibi alijibu kwamba akiacha kuwapa kahawa watakuwa wenyeji, na yeye hataki wawe wenyeji. Mgeni huondoka. Alikuwa na msimamo ule na haukuyumba, na askari walimzoea, wakamwachia njia ngazini. Mngereza alijifunza kuingoja ipoe akiwa ameishika mkononi. Alijifunza kutikisa finjani akitosheka. Akawa anampa bibi makopo ya maziwa, na bibi anayapokea kwa heshima na kuyagawa kwa waliobomokewa.

Nami nilimpenda kidogo, nakiri. Alikuwa na mbwa.

Aliyetuletea habari za mlimani alikuwa mwanamke wa kuni, bibi kizee mwenye punda, ambaye askari hawakumjali. Siku moja alipakua kuni zake mbele ya banda letu, akakaa chini kama aliyechoka, akasema maneno yake huku anapanga vijiti.

"Hamed anasalimu. Anasema wana mzinga mdogo sasa, na wataipiga nyumba, kwa sababu kutoka darini wanaonekana. Amesema yeye mwenyewe ndiye atakayepiga, anaijua, hatakosea akapiga kijiji. Alhamisi asubuhi mzee asipande."

Akaondoka na punda wake.

Baba alisema, "Alhamdulillahi, ametuarifu." Akamgeukia bibi. "Basi, Mama. Alhamisi utaumwa kichwa."

 Bibi alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua.

"Yule ni mgeni wangu," alisema mwisho. "Amekunywa kwangu, na umemwambia haja yake imepita. Hawi wa kuuliwa ndani ya nyumba yangu nami najua."

"Mama, huyo ni adui!"

"Nikimwonya, atatuma watu wakamuue Hamed. Nisipopanda, Hamed atamuua mgeni wangu. Sasa wewe unayejua desturi niambie, nifanye lipi?"

Baba akainama. Akasema atapanda yeye badala yake.

"Wewe ukipanda Hamed atakujuaje? Mwanamume juu ya dari ni askari tu."

Alhamisi bibi alivaa leso nyekundu ya mama, ile ya kutokea, juu ya nguo zake. Akachukua dele. Safari hii alichukua na mkaa na kipepeo cha moto, kama mtu anayekwenda kukaa.

Tulimwona akitokeza darini.

Alitandika mkeka wake upande unaoelekea mlimani. Hakuwahi kukaa upande ule.

Mngereza alikaa karibu naye na darubini yake.

Mama alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Baba alikuwa amesimama nyuma ya mtende, midomo inacheza.

Jua likapanda. Punda akalia mahali. Bibi akamimina.

Hakuna kilichopigwa.

Aliporudi adhuhuri aliomba maji.  Kesho yake akapanda tena, na leso ileile, na keshokutwa yake vilevile. Ikawa ndiyo kazi yake. Watu wakazidi kumsema, ati sasa kizee amekuwa na mapambo. Mngereza naye alidhani amependwa. Alimletea mto wa kukalia. Na mlima ukakaa kimya juu yetu, na mimi nikafikiri bibi ameshinda. Kwa fikra za mtoto nilimwona kama mtu aliyeweka mkono mmoja kwa mwanawe na mwingine kwa mgeni wake, wote wawili wametulia.

Kisha siku moja goti likamuuma, mama akamsaidia kubeba vyombo mpaka juu.

Mama ndiye aliyenisimulia yaliyopita huko. Mngereza alikuwa na askari mwenye simu ya upepo, ile ya kuvaa masikioni. Anaangalia kwa darubini, anasema, na yule mwingine anarudia ndani ya chombo. Bibi alikuwa amesikia maneno yale asubuhi nyingi na kwake yalikuwa kelele za Kizungu. Mama aliyaelewa. Jabali jeupe. Kushoto kwake, matuta matatu ya makomamanga. Juu ya matuta, mdomo wa pango.

Mama akatua sahani chini; ndio upande ambao bibi alikuwa akijionyesha kwa Hamed.

Ndege zilikuja wakati bibi anamimina finjani ya pili.

Zilipita juu ya vichwa vyao. Zilikwenda moja kwa moja kwenye matuta matatu.

Moshi ulipanda mweusi, kisha mweupe. Sauti ilifika baadaye. Sisi chini shambani tuliisikia kwenye miguu.

Mngereza alitikisa finjani yake, akaiweka kwenye sahani, akasema ahsante.

Mama alimwambia bibi walipofika bandani. Alimwambia yote, kwa Kiswahili, neno kwa neno. "Mama, ni yeye anayeziambia ndege pa kupiga. Kila siku. Anaziambia kutoka pale ulipokaa."

Bibi alikaa chini polepole. Alishika goti lake kama ndilo linalomuuma zaidi.

Asubuhi iliyofuata aliwasha moto, akaweka dele, kahawa ikachemka. Akaiangalia mpaka ikamwagika ikazima makaa. Hakupanda. Leso nyekundu ilikuwa imekunjwa juu ya kikapu, na hakuna mtu aliyeigusa.

Alikaa nje ya banda, mgongo kwa nyumba, uso kwa mlima. Hakuhitaji kutueleza. Alikuwa ameondoka darini. Kama Hamed yuko, basi ameona kwamba mahali pa mama pako wazi, na sasa mkono wake uko huru.

Tulikaa tukiingoja nyumba yetu ipigwe.

Nataka hili lieleweke vizuri. Ile ilikuwa nyumba aliyoijenga babu wa bibi yangu, bibi mwenyewe akafukuza mbuzi humo, akazaa watoto humo. Ndani yake alikuwamo mtu ambaye bibi alimpa kahawa kwa miezi. Na mimi, mtoto, nilikuwa nimefumba macho namwomba Mungu nisikie mlipuko. Baba alikuwa akiomba. Mama pia.

Tulisikia njiwa. Tulisikia Mngereza akimwita mbwa wake.

Jua likafika juu, likavuka.

Hakuna kilichopigwa siku ile, wala kesho yake, wala siku iliyofuata. Siku ya nne bibi aliingia ndani ya banda akajifunika gubigubi, na baba akaenda kukaa peke yake kando ya falaji, na hapo nikajua kwamba ami Hamed hayuko tena.

Mlima ulishindwa baada ya muda. Askari walipoondoka Mngereza alikuja kuaga. Alimletea bibi blanketi jipya, na kwa mkalimani akamwambia kwamba katika nchi yake pia ana bibi, na kwamba nyumba anairudisha kama alivyoikuta, isipokuwa tundu lile la ukutani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Nenda salama," akageuka. Hakumwambia habari za Hamed. Yule mtu alikwenda zake bila kujua lolote, na nikisema kweli, kwa hilo nimemchukia kuliko kwa jingine lolote.

Bibi hakulala tena ndani ya nyumba ile. Baba alimjengea chumba cha mawe mahali pa banda, akamaliza maisha yake humo. Nyumba kubwa ikaingia karani wa serikali na wake zake wawili, kisha ikarudi kwetu, akakaa baba na mama na mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa baada ya vita. Baba alifia humo. Hakulitamka tena lile neno lake. Wageni walikuwa wakija na haja zao kama kawaida, na akiona finjani imewekwa chini alisimama akatoka, akamwachia mwingine ajibu. Baadaye familia ikahamia nyumba ya saruji kando ya barabara kuu, na ile ya zamani wakaishi wafanyakazi wa shamba kutoka Pakistan, kisha njiwa, kisha hakuna mtu.

Kabla bibi hajafariki, waliokimbilia nchi za nje walipata ruhusa ya kurudi. Mmoja wao, mchechemeaji, ndevu nyeupe, akauliza njia mpaka kwa bibi. Mimi nilikuwa nimekwishaolewa Ibra na nilikuja kumtazama, kwa hivyo nilikuwapo. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Yule mtu alipiga magoti akambusu mkono, akasema alikuwa pangoni pamoja na Hamed. Yeye alikuwa amekwenda kuteka maji.

Bibi hakumuuliza Hamed alikufa vipi.

"Aliniona?" aliuliza.

"Alikuona, mama. Siku ya kwanza kombora lilikuwa mkononi mwake. Akaangalia kwa darubini, akaliweka chini. Mkubwa wetu akamuuliza, vipi? Akasema upepo mbaya. Na kesho yake akasema upepo mbaya. Ikawa tunamcheka, kila siku Hamed ana upepo."

"Alikasirika?"

Yule mtu bado alikuwa ameushika mkono wake.

"Siku ile ya kwanza alicheka. Akasema, 'Mtazame huyu mwanamke.' Kisha akafuta macho."

Bibi akamwambia asimulie tena. Akasimulia. Akamwambia tena. Nililia mimi, na yule mtu akalia, na bibi akakaa amemgeuzia sikio lake zima, hataki neno hata moja limpite.

Sasa nyumba ni ya watoto wa mdogo wangu, na mmoja wao, Salim, ameifanya nyumba ya kulaza wageni. Watu wanakuja kutoka Ulaya, na Maskati pia, wanalipia kulala juu ya magodoro ya chini na kunywa kahawa darini wakiutazama mlima. Ameitengeneza kwa mapenzi, sina la kumlaumu. Binti yangu alinipeleka kwa gari majira ya baridi yaliyopita. Salim akatoka mbio.

"Shikamoo, shangazi! Tafadhal, tafadhal, ingia."

"Marahaba, mwanangu."

Akanipandisha ngazi kwa mkono, ngazi baada ya ngazi, mpaka juu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini anakipenda na mimi hupenda akijaribu. Palikuwa na mume na mke wageni wamekaa pale, Wazungu wapole, akanijulisha kwao, kisha akanigeukia aniambie alichokuwa akiwasimulia.

"Nawaambia hii nyumba yeye ana baraka, shangazi. Vita ya jabal, nyumba za watu wote zilianguka, sah? Huyu wetu, wallah, hata risasi moja hakumgusa."

Wageni wakaniangalia wakingoja nithibitishe. Nilimtazama yule kijana, uso wake umejaa fahari, na nikakumbuka kwamba hakuna aliyemweleza, kwa sababu baba hakuweza na mimi sikuwapo.

Nilimwambia ndiyo, ni kweli, haikuguswa.

Kisha nikamwomba aniletee kiti, wageni wakatupisha, nikamweleza kwamba alikuwa na babu mdogo aitwaye Hamed, aliyezaliwa chumba cha chini yetu. Kwamba hana kaburi, kwa sababu pango liliwaangukia waliokuwamo. Kwamba kama nyumba hii ingekuwa gofu leo, pengine Hamed angekufa mzee, na pengine angekufa mwezi uleule mahali pengine. Mama yake aliishi miaka yote iliyobaki akilipima jambo hilo na hakupata jibu, na mimi sijalipata. Ninalolijua ni moja. Asubuhi ile ya mwisho sote tulikuwa tumekaa chini ya mitende ile, watu wenye nyumba, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeiombea isalimike.